Mikoa iliyoachwa nyuma haitakombolewa na mifuko maalumu

Juni 2016, Uingereza ilipopiga kura ya kujitoa katika Umoja wa Ulaya, wilaya ya Blaenau Gwent huko Wales ilitaka kutoka kwa asilimia 62. Cornwall, kwenye ncha ya kusini-magharibi, ikaamua hivyo hivyo kwa zaidi ya asilimia 56. Maeneo hayo yalikuwa miongoni mwa yaliyonufaika zaidi na fedha za maendeleo ya mikoa kutoka Brussels, makao makuu ya Umoja huo. Barabara, vyuo na vituo vya mafunzo vilibandikwa vibao vyenye bendera ya nyota za njano, ili kila apitaye ajue nani amelipa. Wachambuzi wengi waliishia kuwacheka wapiga kura hao kwamba wamekata tawi walilokalia.

Mimi naona walikuwa wameisoma hesabu vizuri kuliko wachambuzi. Kibao cha Brussels kilikuwepo mlangoni, ni kweli. Lakini migodi ya makaa ya mawe ilikuwa imekwisha zamani, kiwanda cha chuma cha Ebbw Vale kilifungwa mwaka 2002, na kuanzia 2010 serikali ya London ilikuwa ikipunguza matumizi ya umma na posho za ustawi mwaka baada ya mwaka. Mfuko maalumu ulikuwa unatia kwa kijiko, bajeti kuu inachota kwa ndoo. Mkazi wa kawaida hasomi vibao. Anaangalia kama basi bado linapita, kama ofisi ya huduma haijafungwa, kama kijana wake amepata kazi karibu.

Mjadala wa sasa kuhusu fedha za kusawazisha maendeleo ya mikoa, iwe Ulaya, Asia au Afrika, umekwama kwenye ukubwa wa mifuko maalumu: iongezwe, ipunguzwe, ifutwe. Nadhani tunapigana uwanja usio wenyewe. Hatima ya mkoa huamuliwa na bajeti kuu, zile fedha za kila mwaka za barabara, hospitali, utafiti, reli na mishahara ya watumishi, ambazo hakuna anayeziita fedha za mikoa. Bajeti hiyo ikiendelea kuvuta upande mmoja, mfuko maalumu hata uwe na nia njema kiasi gani utabaki kuwa fidia.

Italia ndiyo iliyolipa ada kubwa zaidi ya somo hili. Mwaka 1950 iliunda Cassa per il Mezzogiorno, chombo kilichowekwa nje ya utaratibu wa kawaida wa wizara ili kuinua Kusini. Miaka ishirini ya mwanzo kazi ilionekana. Mabwawa, umwagiliaji, mabomba ya maji na barabara vilijengwa, na pengo la kipato kati ya Kusini na Kaskazini likapungua kweli. Kisha vikaja viwanda vizito: chuma Taranto, kemikali za mafuta Gela. Vililetwa kwa uamuzi wa mbali na havikushikamana na uchumi uliovizunguka, hata Waitaliano wenyewe wakaviita makanisa makuu jangwani. Baada ya mshtuko wa bei ya mafuta wa 1973, mwendo wa kukaribiana ulisimama. Cassa ilifungwa mwaka 1984, na hadi leo pato la mkazi wa Kusini ni kidogo tu zaidi ya nusu ya pato la mwenzake wa Kaskazini na Kati.

Wengi husimulia kisa hicho ili kuthibitisha kwamba fedha za umma haziwezi kuinua mkoa. Wengine hutaja mafia na siasa za kugawiana vyeo, na hawakosei. Lakini kisa kina ukurasa wa mwisho ambao haunukuliwi sana. Mwanzoni mwa 2017 Italia ilitunga sheria ya kuzitaka wizara zielekeze Kusini sehemu ya matumizi ya kawaida ya uwekezaji inayolingana na idadi ya watu wake, yaani takriban asilimia 34. Miaka 66 baada ya kuundwa kwa Cassa, ilibidi sheria itungwe ili Kusini ipate fungu la kawaida, lile ambalo ingepaswa kulipata hata kama mfuko maalumu usingekuwepo kabisa. Kwa muda mrefu fedha za "ziada" zilikuwa zinaziba pengo la fedha za kawaida.

Umoja wa Ulaya unaujua ugonjwa huu. Tangu mageuzi ya 1988 una kanuni ya nyongeza: fedha za Brussels ziongeze juu ya matumizi ya nchi husika, zisichukue nafasi yake. Kanuni nzuri, ila kuiandika ni rahisi kuliko kuithibitisha. Nani atajua serikali ingejenga nini kama fedha zile zisingekuja? Ofisa wa bajeti akiona daraja la mkoa fulani limepata mfadhili, hahitaji nia mbaya ili kuhamishia mradi wake kwingine. Anafanya kazi yake tu.

Na hapo ndipo penye kiini, kwa sababu bajeti kuu haielemei upande mmoja kwa chuki. Inaelemea kwa hesabu. Waraka wa Kikao Namba 10 wa serikali ya Kenya wa mwaka 1965 uliisema hesabu hiyo bila kumumunya maneno: fedha za maendeleo ziwekezwe mahali zitakapoongeza uzalishaji zaidi, yaani penye ardhi nzuri, mvua, usafiri, umeme na watu walio tayari kupokea maendeleo. Matunda yake yangesaidia wengine baadaye. Waraka huo umelaaniwa kwa miongo kadhaa, na haki yake. Lakini wanaoulaani wasidhani uliandikwa na watu wa ajabu. Mantiki ile ile imo ndani ya miongozo ya kupima miradi inayotumiwa na wizara za fedha duniani kote, ila siku hizi imevaa majedwali.

Angalia inavyofanya kazi. Mradi wa usafiri katika jiji kubwa unaokoa muda wa watu wengi na kupandisha thamani ya ardhi ambayo tayari ni ghali. Mradi kama huo katika mkoa wenye watu wachache waliotawanyika unagharimu zaidi kwa kila anayeutumia, na ardhi inayouzunguka haipandi bei sana. Ukigawanya faida kwa gharama, jiji linashinda. Mwaka unaofuata jiji lina watu wengi zaidi na ardhi ghali zaidi, kwa hiyo linashinda tena, na kwa tofauti kubwa zaidi. Hakuna ofisa aliyeamua kwamba mkoa ule uachwe. Kila uamuzi, ukiutazama peke yake, una akili.

Uingereza ilikiri jambo hili kwa sehemu. Mwaka 2020 Wizara ya Fedha ilipitia upya mwongozo wake wa kupima miradi, unaojulikana kama Kitabu cha Kijani, na ikakubali kwamba maofisa walikuwa wakiuegemea mno uwiano wa faida kwa gharama bila kuuliza kwanza kama mradi unatimiza lengo lililokusudiwa, ikiwemo kupunguza pengo kati ya mikoa. Kwangu mimi mapitio hayo, ambayo hayakupewa hata robo ya vichwa vya habari, yalikuwa na uzito kuliko mifuko yote iliyotangazwa kwa mbwembwe miaka ile.

Maana mifuko yenyewe ilikwenda hivi. Serikali ilianzisha mfuko wa pauni bilioni 4.8 wa kuinua maeneo yaliyobaki nyuma, lakini fedha zikatolewa kwa mashindano: halmashauri iandike pendekezo, ilipie washauri, isubiri, pengine ishindwe, ianze upya. Halmashauri maskini kuliko zote, zilizokuwa zimekwisha kupunguza watumishi wa mipango, ndizo zilizotakiwa kuandika mapendekezo bora kuliko wenzao. Kamati ya Bunge ya hesabu za umma iliripoti mwaka 2024 kwamba kati ya pauni bilioni 10.5 hivi zilizoahidiwa katika mifuko mitatu, halmashauri zilikuwa zimeweza kutumia takriban bilioni 1.2 tu kufikia Septemba 2023. Sijaona sababu hata moja ya kugawa fedha za kuondoa unyonge kwa kuwashindanisha wanyonge.

Tatizo jingine ni mipaka. Kila mfuko lazima ueleze nani anastahili, na kustahili huamuliwa na mstari. Umoja wa Ulaya hutumia kipimo cha pato la kila mkazi: mkoa ulio chini ya asilimia 75 ya wastani wa Umoja unahesabiwa kuwa nyuma kimaendeleo na hupata fedha nyingi na masharti mepesi zaidi. Nchi zikajifunza haraka. Ireland ilikuwa mkoa mmoja katika takwimu, na uchumi wake ulipopaa miaka ya 1990 ikaonekana itavuka mstari nchi nzima. Mwaka 1999 ikajigawa mikoa miwili ili kaskazini na magharibi yake yaendelee kupata fedha za kiwango cha juu. Polandi ilifanya vivyo hivyo: mwaka 2018 Warsaw ilitengwa kitakwimu na mkoa wa Mazowieckie uliokuwa ukionekana tajiri kwa sababu tu mji mkuu ulikuwa ndani yake.

Waliokasirika waliuita ujanja. Mimi nasema Polandi ilikuwa inasema kweli, tena kweli ambayo mfumo haukutaka kuiona. Nchi hiyo imekaribia sana wastani wa Ulaya tangu ijiunge mwaka 2004, na husifiwa kama mfano wa jinsi fedha za mikoa zinavyofanya kazi. Lakini nchi nzima kukaribia nchi nyingine ni jambo moja, na mikoa yake kukaribiana yenyewe kwa yenyewe ni jambo jingine. Warsaw ilikimbia, vijiji vilivyoizunguka vikabaki, na wastani wa mkoa ukaficha yote mawili. Mstari unaopita kwenye wastani hauwezi kuona kilichomo ndani yake.

Je, fedha hizi zina athari yoyote basi? Zina, lakini si kila mahali. Wachumi waliochunguza mikoa iliyopokea fedha nyingi zaidi za Ulaya walichapisha mwaka 2013 matokeo yanayosema kwamba ni kama asilimia 30 tu ya mikoa hiyo iliyoweza kuzigeuza kuwa ukuaji wa haraka wa kipato. Ilikuwa ile yenye watu waliosoma vya kutosha na serikali inayofanya kazi. Matokeo hayo hutumiwa sana na wanaotaka mifuko ifungwe. Mimi nayasoma kinyume. Walimu, wahandisi wa serikali za mitaa, maofisa ununuzi, wakaguzi wa hesabu: hao hulipwa na bajeti kuu, kila mwezi, kwa miongo. Mkoa ambao bajeti kuu haikuwahi kuupa watu hao hauwezi kuitumia fedha maalumu inapofika, na ikishindwa kutumika ndani ya muda uliowekwa, inarudi ilikotoka. Kisha mkoa unalaumiwa kwa uzembe.

Kuna wanaosema tuachane na habari ya mikoa kabisa, tuwasaidie watu, si mahali. Atakaye kazi aifuate mjini, na serikali imlipie masomo na afya popote alipo. Benki ya Dunia ilielekea huko katika ripoti yake kuu ya mwaka 2009, ikisema ukuaji wa uchumi hautawanyiki sawasawa na kujaribu kuutawanya mapema ni kuukwamisha. Hoja hiyo ina nguvu kuliko wapenzi wa mikoa wanavyotaka kukubali. Korea Kusini imekuwa na sheria maalumu ya maendeleo yenye uwiano tangu 2004, ikajenga mji wa Sejong na kuhamishia huko wizara kuanzia 2012, ikasambaza zaidi ya mashirika 150 ya umma mikoani. Hata hivyo, kufikia mwisho wa 2019 eneo la Seoul lilikuwa na zaidi ya nusu ya watu wote wa nchi. Wizara zilihama, lakini ajira za kampuni kubwa na vyuo vinavyotamaniwa vikabaki.

Bado siikubali hoja hiyo mpaka mwisho. Anayehama ni kijana mwenye elimu. Anayebaki ni mzee, mgonjwa, mwenye shamba lisilouzika, na halmashauri yenye walipakodi wachache na gharama zile zile. Kuwaambia hao kwamba msaada uko popote watakapokwenda ni kuwaambia hakuna msaada. Nao wana kura.

Tena kuna mifano ya fedha zilizopewa utulivu. Katiba ya Brazil ya mwaka 1988 imetenga asilimia 3 ya kodi ya mapato na kodi ya bidhaa za viwandani kwa ajili ya Kaskazini, Kaskazini-Mashariki na Kati-Magharibi. Kaskazini-Mashariki pekee inachukua 1.8 kati ya hizo. Fedha hutolewa kama mikopo kwa wazalishaji kupitia benki zinazoufahamu mkoa, na marejesho hubaki mfukoni yakope­shwe tena. Hakuna waziri anayeamka asubuhi na kuamua mwaka huu zisitoke. Kaskazini-Mashariki bado ni maskini kuliko Kusini-Mashariki kwa mbali, nisiwadanganye, lakini mkulima au mwenye kiwanda kidogo cha kule anajua mwaka kesho dirisha la mkopo litakuwa wazi. Sehemu nyingi duniani hazina hata hilo.

Anayelipa naye ameanza kuchoka, na hapa ndipo mambo yatakapokuwa magumu miaka ijayo. Ujerumani ilitenga euro bilioni 156 kwa majimbo ya mashariki katika mkataba wa pili wa mshikamano uliodumu 2005 hadi 2019. Ulipokwisha, serikali ilihamia mfumo unaosaidia maeneo dhaifu popote yalipo, mashariki au magharibi, jambo ambalo lilipaswa kufanywa mapema zaidi. Lakini mwaka 2023 Bavaria ilikwenda mahakamani kupinga mchango wake katika mgawanyo wa fedha kati ya majimbo. Australia nayo, iliyokuwa na moja ya mifumo makini zaidi ya kusawazisha uwezo wa majimbo, iliubadilisha mwaka 2018 baada ya Australia Magharibi, tajiri wa madini ya chuma, kulalamika kwamba inarudishiwa senti 30 tu kwa kila dola ya mgao wake wa kodi ya bidhaa na huduma. Sasa jimbo hilo limewekewa kima cha chini ambacho mgao wake haushuki, na majimbo mengine yanafidiwa kutoka serikali kuu. Tajiri alilindwa kwa fedha za umma ili maskini asinung'unike.

Kenya ilionja kitu kama hicho mwaka 2020, Seneti ilipokwama vikao kwa vikao juu ya fomula ya kugawa mapato kati ya kaunti. Uzito wa idadi ya watu ukiongezwa, kaunti za kaskazini zilipoteza. Usipoongezwa, zenye watu wengi zilihisi kuonewa. Mkwamo uliisha Septemba, baada ya kuahidiwa nyongeza ya shilingi bilioni 50 ili fomula mpya isimpunguzie mtu. Ilikuwa njia nzuri ya kutoka, kwa nchi yenye bilioni 50. Serikali nyingi zinazoingia miaka ijayo na madeni makubwa hazitakuwa na nyongeza ya kununulia amani. Itabidi zigawe upya kilichopo, na kilichopo ni bajeti kuu.

Kwa hiyo ningependa kuona kazi ya kuchosha ikifanywa kwanza: bajeti nzima ya taifa ichapishwe kwa mgawanyo wa mikoa, wizara kwa wizara, ikiwemo utafiti, ununuzi wa umma na misamaha ya kodi. Uingereza na Italia tayari hutoa takwimu za namna hiyo kwa sehemu kubwa ya matumizi yao, na ndizo zilizowapa wabunge wa mikoa silaha ya kuuliza maswali. Misamaha ya kodi ndiyo itakayowatoa watu jasho, kwa kuwa fedha isiyokusanywa haina anuani katika kitabu cha bajeti, ingawa huishia mahali fulani, na mahali hapo kwa kawaida si penye umaskini.

Majadiliano mawili yatatuonyesha upepo unakoelekea. La kwanza ni la Ulaya. Kwa kipindi cha 2021 hadi 2027, sera ya mikoa imepewa takriban euro bilioni 392, karibu theluthi moja ya bajeti ya Umoja. Julai 2025 Kamisheni ya Ulaya ilipendekeza kwamba kuanzia 2028 fedha hizo ziunganishwe na za kilimo katika mpango mmoja kwa kila nchi, malipo yakitegemea mageuzi ambayo serikali ya kitaifa itakuwa imeahidi. Mikoa imepiga kelele kwamba inageuzwa mtazamaji, na inayo haki. Hata hivyo, pendekezo hilo lina mlango ambao mikoa haijautumia: kama fedha zote ziko meza moja na serikali kuu, basi na masharti yaiguse bajeti ya serikali kuu, si miradi ya mkoa pekee. Bajeti hiyo inahitaji kukubaliwa na nchi zote 27 pamoja na ridhaa ya Bunge la Ulaya, kwa hiyo nafasi ya kubishana ipo.

La pili ni la Kenya. Kifungu cha 204 cha Katiba ya 2010 kiliunda Hazina ya Usawazishaji na kuipa nusu asilimia ya mapato ya serikali ya kitaifa, kwa maji, barabara, afya na umeme katika maeneo yaliyotengwa. Fedha zilichelewa na hazikutoka zote. Mwaka 2019 Mahakama Kuu ikabatilisha miongozo ya Wizara ya Fedha iliyotumika kuisimamia. Na orodha ya kaunti zenye maeneo yanayostahili ikapanuka kutoka 14 hadi 34 kati ya 47. Hazina hiyo inakoma mwaka 2030, miaka 20 baada ya Katiba kuanza kutumika, isipokuwa Bunge liirefushie muda kwa sheria inayoungwa mkono na zaidi ya nusu ya wabunge wote wa Bunge la Kitaifa na zaidi ya nusu ya wajumbe wa kaunti katika Seneti. Kura hizo zitapatikana, kwa kuwa kaunti 34 ni wingi wa kutosha. Ugumu utakuwa kuwashawishi wabunge hao hao waongeze kwenye mswada sharti moja: kila wizara, kabla ya kupewa fungu lake la maendeleo, ionyeshe ni kiasi gani cha fedha zake za kawaida kilifika katika maeneo yale mwaka uliotangulia.